Fizi za Shemeji

4 Februari

Mdogo wangu Profesa,

Salamu zote nilizokuwa nazo nimezitia humu. Ukiona zimepungua, posta wameonja.

Nakuandikia kwa sababu simu yangu hukaa saluni kwa shemeji yako ikichajiwa, na saluni ile hata kioo kina masikio. Neno lenyewe ni hili: nimejiandikisha kwenye ule utafiti wenu wa dawa ya presha. Kliniki ya huku ilibandika tangazo, nikaona jina la taasisi yako, nikasema basi, hata wakinitia sumu nina ndugu wa kumlaumu. Wakanipima: mia na hamsini juu, tisini na nne chini. Muuguzi akafurahi. Eti hiyo ndiyo presha wanayoitafuta, iliyopanda kidogo tu. Miaka yote nashonea watoto wa watu sare za shule, na hii ndiyo mara ya kwanza mimi mwenyewe nimetosha mahali bila kupunguzwa kiunoni.

Wamenipa kopo la vidonge thelathini. Kimoja kila asubuhi. Mwisho wa mwezi narudisha kopo na muuguzi anahesabu vilivyobaki. Sasa nasikia nusu yetu tumepewa dawa na nusu tumepewa chaki, na havitofautiani hata kwa rangi. Wewe uko hukohuko vinakotoka. Namba yangu ni 117. Chungulia uniambie: vyangu ni vya kweli?

Shemeji yako naye alipimwa, ile siku walipoweka meza yao sokoni. Mia na tisini na mbili! Akawaambia mashine yao imesikia kelele za soko ikazijumlisha. Tangu hapo ukimtajia hospitali anawasha mashine ya kunyolea hata kama kiti hakina mtu. Unajua habari za baba yake, aliyeanguka akimnyoa mteja hadi mteja akaenda kuzika na nusu ndevu. Mwenzangu anaona presha ni kama mgeni mzito: usipomwita kwa jina hataketi.

Nijibu haraka. Silali.

Dada yako

16 Februari

Dada,

Zimefika zote, na nyingine zimezaa njiani.

Kwanza tuelewane. Huku mimi si mkubwa. Nakaa kwenye stuli nyuma ya daktari wa meno. Yeye anaingiza kijiti cha chuma chenye alama kati ya jino na ufizi, anataja: "Mbili, tatu, mbili." Mimi naandika. Mdomo ukiisha unaitwa mwingine. Unakumbuka nilianza hapa na ndoo na deki. Nilijifunza kwa kusoma karatasi kabla ya kuzitupa, na bado nakuta humo mambo mengi kuliko kwenye zile wanazoweka kwenye fremu.

Kuhusu namba 117: sijui, na daktari hajui, na muuguzi wako hajui. Orodha iko kwenye kabati lenye kufuli mbili, na wenye funguo zile mbili hawasalimiani. Ndivyo inavyotakiwa. Daktari akijua nani kapewa dawa, atamwona amepona hata akiwa anakata roho.

Utauliza meno yanahusu nini na presha. Nami niliuliza. Akanijibu kwamba dawa haijui anuani. Unaituma kwenye mishipa ya damu, yenyewe inapita ikibisha hodi kila nyumba: usingizini, miguuni, kwenye mate, kwenye fizi. Kazi yetu ni kuandika nani amefungua mlango. Sikwambii mdomoni tunatafuta nini, maana ukiambiwa utaanza kukiona. Timu ya meno itafika kliniki yenu Juni, watakutazama wenyewe.

Meza kidonge kizima, na maji, saa ileile. Usikitafune kuonja kama ni chaki, nakujua. Na usimgawie mtu, hata akikuomba kwa machozi. Hilo limo kwenye fomu uliyotia sahihi bila kuisoma.

Niandikie vipimo vyako kila mwezi.

Mdogo wako,
Profesa asiye na cheti

27 Aprili

Profesa,

Usinune kwa kimya changu. Msimu wa sare huu, nimekaa kwenye cherehani hadi kiti kimechukua umbo langu.

Habari njema: mimi ndiye mshiriki bora wa kliniki nzima. Kila mwezi narudisha kopo, muuguzi anahesabu, hakibaki hata kimoja wala hakizidi. Wiki iliyopita amenisimamisha mbele ya foleni: "Mwigeni mama huyu!" Kuna bibi mmoja amebakisha kumi na tisa; alinitazama hadi nikatamani nimpe vyangu.

Habari nyingine: presha haishuki. Machi ilikuwa mia hamsini na nane, sasa mia sitini na sita. Muuguzi anasema mwezi ujao ikivuka mia na sabini watanitoa kwenye utafiti, wanianzishe dawa za kawaida za hospitali. Hilo silitaki, nakwambia mapema. Kwa hiyo siku ya kupimwa nafika saa nzima kabla, nakaa kivulini, siongei na mtu, nafikiria mambo matulivu kama vile wewe umeoa.

Swali dogo. Kidonge kikisagwa kinapoteza nguvu? Koo langu siku hizi ni jembamba. Na sukari, inakidhuru? Mtu kwa mfano akikinywa na chai yenye sukari vijiko vinne?

Shemeji yako hajambo, tena hajambo mno. Yale maumivu ya kisogo yamekwisha, usiku analala fofofo, na juzi nimemsikia akipiga mluzi chooni. Kilichomkasirisha ni fizi tu. Zimemvimba mbele hapa, kati ya meno, vinundu vinundu kama punje za mahindi mabichi, mpaka meno yanaonekana mafupi kama ya mtoto. Hazimuumi. Amebadilisha dawa ya meno mara tatu na mswaki mara mbili. Na kazi yake ni kusimama mbele ya kioo kutwa, masikini. Sasa anacheka ameziba mdomo kwa taulo, na wateja wanadhani anawacheka vichwa. Mmoja amehama.

Nikamwambia, "Mwenzangu, si uende kwa daktari wa meno?" Akasema, "Wakishakulaza kwenye kile kiti, wanakupima na vingine."

Kuna dawa ya kusukutua unayoijua?

Dada yako

5 Mei

Dada,

Barua yako nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili niliisoma nikiwa nimekaa kwenye stuli, daktari akataja "nne, tano, nne" na mimi nikaandika "vijiko vinne". Ilibidi mgonjwa apimwe upya.

Sasa nitakwambia kile nilichokataa kukwambia Februari, na ukishasoma ichome karatasi hii. Tunachotafuta mdomoni ni fizi zinazokua. Dawa za jamii hii huwafanya watu wengine hivyo: mwezi wa pili, wa tatu, ufizi wa mbele unaanza kuvimba kati ya meno, vinundu vinundu, hauumi, na mswaki hausaidii peke yake. Si kila anayekunywa hutokewa. Lakini mtu ambaye fizi zake zilikuwa sawa, kisha zikavimba vile, bila maumivu, mbele, katika miezi hii mitatu, swali la kwanza kumuuliza ni dawa gani anakunywa. Mimi sina cheti, ila nimeandika midomo mia tatu na kumi.

Shemeji hanywi dawa yoyote. Anakunywa chai.

Dada, unamtilia kidonge chako kwenye chai.

Kama nimekosea nitukane, nitafurahi sana. Kama sijakosea, basi wewe tangu Januari hujanywa kitu chochote, na presha yako inapanda ngazi huku unapigiwa makofi kwa kurudisha kopo tupu. Hujui tu kwamba mia sitini na sita si namba ya kukaa kivulini. Na yeye anakunywa dawa ambayo hakuna aliyempima moyo wala figo kabla ya kumpa, kipimo kilichokatwa kwa ajili ya mtu mwingine. Hata nguo humkatii mtu hivyo.

Acha leo. Nenda kliniki ukaseme mwenyewe, kabla sijalazimika kusema mimi.

Mdogo wako

14 Mei

Wewe mtoto,

Yaani ni vya kweli!

Nimekaa na barua yako jikoni nimelia hadi chai ikachemka ikazima moto. Miezi minne nimekuwa nikisaga nikimwomba Mungu isiwe chaki. Nilikuuliza mara ngapi? Ulidhani naulizia nafsi yangu, sivyo? Mwenye akili kama wewe!

Sasa nisikilize, maana umenihukumu bila kunisikiliza. Mimi nilikuwa mia na hamsini, yeye mia na tisini na mbili. Nyumba ikiwaka moto vyumba viwili na una ndoo moja ya maji, unamwaga wapi? Nilimbembeleza mwaka mzima. Nilinyamaza naye wiki mbili, hakugundua. Nilimwita rafiki yake aje amshauri, wakaishia kunyoana. Kisha nikapewa kopo, bure, mkononi. Ningefanyaje?

Na analala, Profesa. Zamani nilikuwa naamka kumsikiliza kama anapumua.

Nitasema, lakini si sasa. Nikisema wataninyang'anya kopo na yeye atarudi kulekule. Acha nifikishe miezi sita, ukiisha utafiti nitajua la kufanya. Tarehe ishirini na nne napimwa. Nitafika saa mbili kabla.

Mimi ni mzima. Kichwa kinauma kidogo mchana, ni macho tu, kitambaa cha bluu ukikitazama siku nzima lazima. Juzi kola ilitoka imekwenda upande, nikafumua nikarudia, ikaenda upande uleule. Cherehani inataka fundi.

Usimwambie mtu. Mimi ndiye niliyekubeba mgongoni ulipochomwa na mwiba, nawe ulikuwa mzito.

Dada yako

20 Mei

Dada,

Cherehani haina kosa. Ni mkono wako.

Ulinibeba na sijasahau, ndiyo maana leo asubuhi nimesimama mbele ya daktari nikamweleza kila kitu: namba 117, chai, fizi za shemeji, na kwamba ni mimi niliyekufumbulia siri ya fizi. Aliweka kijiti chini. Hakunikaripia, afadhali angenikaripia. Ameniambia niwapigie kliniki yenu, nimepiga mara tano, inaita tu. Simu yako inajibiwa na saluni, na saluni sikuweza kuiambia. Nimemwambia tu shemeji akupe ujumbe unipigie. Hujapiga.

Usisubiri tarehe ishirini na nne. Ukipata barua hii umesimama, usiketi. Nenda.

Mwambie na shemeji. Asijue kwa kusikia kwa watu kwamba ana mke aliyekuwa akimwekea uhai wake kwenye kikombe.

Mdogo wako

27 Mei

Shemeji,

Mimi si mwandishi. Kazi yangu ni kuongea huku nashika kisogo cha mtu. Nisamehe mwandiko.

Ijumaa saa nne dada yako alileta chai saluni kama kawaida. Nilikuwa na mteja, mwalimu mmoja, nimeshampaka povu na nimemaliza upande wa kushoto. Nikamwona mke wangu kwenye kioo. Shemeji, nimenyoa nyuso miaka thelathini na moja. Pembe ya mdomo wake ilikuwa imeshuka kama pazia lililochomoka ndoano moja. Nikageuka nikamwambia, "Cheka." Akacheka upande mmoja. Nikamwambia, "Tamka jina langu." Akatamka kitu kingine, na kikombe kikamponyoka mkono wa kulia.

Nilimbeba. Mwalimu alikimbia mbele, taulo shingoni na povu upande mmoja wa uso, akasimama katikati ya barabara kuzuia gari. Dereva alisimama kwa woga tu. Nikamkumbuka baba njia nzima. Na yeye aliacha mtu na nusu ndevu.

Madaktari wanasema ni kiharusi, na kwamba kumfikisha mapema kumesaidia. Yuko hai. Anaelewa yote, anaongea kama mtu mwenye pipi mdomoni, mkono wa kulia haumtii. Mguu unakuja kidogo kidogo.

Jumatatu nilirudi nyumbani kutafuta kadi yake ya kliniki. Barua yako ilikuwa imeletwa na mtoto wa jirani kutoka posta. Niliifungua nikidhani ni ya kunisaidia. Kisha nikazitafuta nyingine, alizificha kwenye droo ya uzi. Hakuzichoma.

Nimezisoma nimekaa kwenye kiti changu cha kunyolea, nikitazama fizi zangu.

Nikaenda hospitali nikajipeleka mwenyewe kupimwa. Muuguzi akafunga ule mkanda, akasema, "Mia thelathini na nne. Nzuri sana, mzee. Unatumia dawa gani?" Nikamwambia, "Sijui. Muulize mke wangu, yuko kitanda cha tisa."

Sina la kukuongezea. Nina hasira na simjui wa kumkasirikia. Ulinipigia simu ukaniambia "mwambie anipigie", nami nilisahau kwa sababu kulikuwa na mpira. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, ule usingizi mlioniwekea kwenye chai.

Shemeji yako,
Kinyozi

11 Juni

Shemeji, na dada kupitia kwako,

Nimepata likizo ya siku nne kuanzia Alhamisi, nakuja. Usinitandikie popote, nitalala kwenye kiti chako cha saluni.

Daktari ameandika ripoti na kuipeleka kamati. Namba 117 imefutwa kwenye hesabu za dawa, ila haikutupwa: imewekwa ukurasa wa peke yake. Kufuli za kabati zilifunguliwa kwa ajili yake tu, na wenye funguo ilibidi wasalimiane. Vilikuwa vya kweli.

Nami nimeondolewa kwenye stuli. Niliyajua yasiyonihusu na nikayasema. Hata mimi ningejiondoa. Naandika sasa chupa zinazoingia stoo na zinazotoka. Ila kabla sijaondoka daktari aliniita, akanisukumia fomu ya washiriki wapya. Chini kabisa kuna swali lililoongezwa kwa mkono: *Nyumbani kwako nani mwingine ana presha, na je, ametibiwa?* Akaniuliza kama Kiswahili chake kimekaa sawa. Nikamwambia kimekaa sawa, kimechelewa tu.

Shemeji, usiache dawa ghafla kwa hasira. Waambie hospitali ulikuwa ukinywa nini, wakubadilishie kwa utaratibu. Fizi zitarudi kama zamani, lakini kwa miezi, na sharti usafishwe meno na mtu anayejua.

Na mpira ulikuwa wa lazima?

Profesa wa stoo

30 Agosti

Mdogo wangu,

Barua hii naitamka mimi, anaandika Kinyozi. Nimemwambia aandike ninachosema tu. (Naandika anachosema tu. K.)

Ulipoondoka nilianza mazoezi ya mkono. Mtaalamu alinipa mpira wa kubinya, nikaona upuuzi. Sasa napaka wateja povu. Brashi ni nyepesi, uso wa mtu mkubwa ni mpana, hata nikikosea nimekosea shavuni. (Jana alimpaka mtu sikioni.) Alistahili, alisema sare nilizoshona zamani zilikuwa zinabana. Yule mwalimu huja kila Ijumaa saa nne na hukataa kunyolewa na mtu mwingine. Huanza upande wa kulia, eti amalizie pale tulipoachia.

Cherehani imefunikwa. Sitaki kuisema leo.

Fizi za shemeji yako zimenywea. Walimbadilishia dawa, wakamkwangua meno, alilia kama mtoto. (Sikulia.) Bado mbili hapa mbele zimekataa kushuka, naye ameacha kuziba mdomo kwa taulo. Ninapomtazama kwenye kioo nazitafuta hizo mbili, nikiziona napata amani ambayo sikuruhusiwa kuwa nayo. (Hili sikutaka kuliandika. K.)

Alikaa siku kumi na moja bila kusema nami ila "kula" na "lala". Siku ya kumi na mbili akaleta makopo mawili mezani, lake na langu, na vikombe viwili vya maji. Maji, si chai. Chai haniachii hata kuisogelea. Akasema, "Weka mdomoni." Nikaweka. "Meza." Nikameza. "Fungua. Inua ulimi." Akachungulia kama wewe na daktari wako. Nami nikamwambia, "Zamu yako, mzee." Ndiyo desturi yetu sasa, kila asubuhi saa moja: watu wazima wawili wanaonyeshana ndimi. Kama kuna jirani anachungulia dirishani, najua anachofikiri.

Jumanne aliinua ulimi na kidonge kilikuwa pale chini, amekificha. Kumbe ananijaribu kama natazama kweli.

Nilikuwa natazama.

Hapa chini nimemwambia aniachie kalamu, na asinishike mkono.

dada
yako

(Amejaribu mara tatu. Hii ndiyo ya tatu. Imekwenda upande, wala hajaifuta. K.)